Pongezi kwa Makala ya Muguga

Watafiti wa mifugo hupimwa kwa idadi ya makala zao na mara ambazo wenzao wamezinukuu. Kipimo hicho nakiheshimu, na kwa Walter Plowright nakiona kikisema kweli tupu.

Daktari huyu Mwingereza alifanya kazi Muguga, karibu na Nairobi. Mwaka 1962 yeye na R. D. Ferris walichapisha makala kuhusu chanjo ya sotoka, maradhi yaliyofagia ng'ombe wa Wamaasai miaka ya 1890 na kuacha njaa nyuma yake. Walivikuza virusi vya sotoka vya aina ya Kabete O ndani ya seli za figo za ndama, wakavihamisha tena na tena, takriban mara 90, hadi vikapoteza ukali lakini vikabaki na nguvu ya kumkinga ng'ombe maisha yake yote. Kazi ya subira hiyo!

Ilinukuliwa kwa vitendo pia. Jeffrey Mariner na wenzake waliiendeleza wakapata chanjo inayostahimili joto, ikawafikia wafugaji wa nyika zisizo na jokofu. Mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kutokomezwa duniani. Plowright alifariki 2010.

Makala zake nyingine nazo zastahili sifa. Alitenga kutoka kwa nyumbu virusi vinavyoua ng'ombe, hatari ambayo Wamaasai waliijua zamani wakawaepusha mifugo wao. Na kwenye mashimo ya ngiri alionyesha kwamba papasi hubeba homa ya nguruwe.