Kome wa Jinja na nyuzi mbili za joto

Kome wa mito ya Ulaya hujizika mchangani baridi inapokaza, wakatulia hadi maji yapate joto. Jinja hakuna msimu wa namna hiyo. Mbali na ufuo, joto la maji ya juu ya Ziwa Victoria hucheza kati ya nyuzi 24 na 27 hivi mwaka mzima, na ndiyo maji yanayoingia Nile na kupita Kimaka, mtaa wa Jinja. Je, mabadiliko madogo kiasi hicho yanaweza kumgusa kome?

Kwa hesabu ya haraka, kidogo tu. Kasi ya kazi za mwili wa mnyama ambaye joto lake hufuata la maji huongezeka mara mbili hadi tatu kwa kila nyuzi 10. Kwa nyuzi 2 hiyo ni nyongeza ya asilimia 15 hadi 25. Kome atavuta maji na kuyachuja upesi zaidi, basi.

Hesabu hiyo haitoshi, na aliyeonyesha kwa nini ni Jack Talling. Mwaka 1960 na 1961 alirudi mara kwa mara mahali pamoja nje ziwani, akapima joto na oksijeni kutoka juu hadi chini. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1966. Alikuta kwamba tofauti ya nyuzi moja au mbili kati ya juu na chini inatosha kuyatenga maji. Sababu ni uzito: katika maji ya nyuzi 25, kupanda kwa nyuzi moja hupunguza uzito wa maji zaidi kuliko katika maji ya nyuzi 10. Maji mepesi hubaki juu, ya chini hayapati hewa mpya, na oksijeni iliyomo huishia kwenye uozo. Kusi inapovuma, Juni na Julai, maji hupoa na kuchanganyika hadi sakafuni. Kwa kome asiyeweza kuhama upesi, kupotea na kurudi kwa oksijeni ni jambo kubwa kuliko ile asilimia 25.

Kuna pia samaki. Geoffrey Fryer, akiwa katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki hapo Jinja, alifuatilia makuzi ya kome aitwaye Mutela bourguignati na kuyaeleza kwa kirefu mwaka 1961. Lava wake ana uzi mrefu wa kumnasia samaki aitwaye kisinja. Akishashika, huota mirija miwili inayopenya ndani ya nyama ya samaki kama mizizi na kunyonya chakula. Kome mchanga huchipuka hapohapo juu ya ngozi, kisha huachia na kuanguka chini. Nauona kuwa ugunduzi mzuri kuliko mwingi uliowahi kutoka Jinja. Maana yake ni kwamba maji yakimfukuza kisinja, kizazi cha kome kinakatika hata kama wazazi wao wanachuja vizuri.

Leo kufungua na kufunga kwa gamba hupimwa kwa sumaku ndogo iliyogundishwa upande mmoja na kihisio upande wa pili. Kituo cha maji cha Warsaw, Poland, huwategemea kome wanane waliofungwa vifaa vya namna hiyo: maji yakichafuka, wanajifunga. Kifaa hicho kinafaa Kimaka pia, ila kuna mtego. Bwawa la Nalubaale, lililoanza kazi mwaka 1954, hupitisha maji kwa kadiri ya umeme unaotakiwa, na kome hujifunga pia mkondo au kina kinapobadilika ghafla. Asiyeandika kina cha maji atalisingizia joto kosa la mitambo.

Kwa hiyo kipimajoto cha ufukoni hakisaidii. Joto, oksijeni na kina vipimwe sakafuni, pembeni mwa kome, alfajiri na mchana, kuanzia kabla ya kusi hadi baada yake. Na daftari la kisinja lifunguliwe siku hiyohiyo.