Lewis Hine: Picha na Maneno Yake

Lewis Hine, aliyezaliwa katika jimbo la Wisconsin, Marekani, mwaka 1874, alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mpiga picha, na ualimu haukumtoka. Mwaka 1908 aliacha kufundisha mjini New York akaajiriwa na Kamati ya Taifa ya Kazi za Watoto. Mara nyingi aliingia viwandani kwa hila. Alipima kimo cha mtoto kwa vifungo vya koti lake mwenyewe, akaandika kwa siri, mkono u mfukoni. Picha zake nyingi aliziambatanisha na umri, kazi na mahali.

Wako wamsifuo kwa nuru na sura tu, wakazitundika picha hizo pasipo maandishi. Hapo twahitilafiana nao. Macho ya mtoto msokota nyuzi huamsha huruma, lakini huruma haina tarehe wala mahali. Maneno yale machache ndiyo yaliyoifanya picha kuwa ushahidi. Sheria ya taifa ya mwaka 1916 ilibatilishwa mahakamani mwaka 1918. Iliyodumu ilipatikana mwaka 1938. Hine alifariki mwaka 1940, fukara. Atakaye kumhukumu kwa haki na amtazame, kisha amsome.