Mbaraka Mwinshehe: Mwimbaji, Mwalimu na Mtunzi

Tunapowatajia wanafunzi watunzi wa Kiswahili, majina hutujia kwa urahisi: Shaaban Robert, Mathias Mnyampala, Sheikh Kaluta Amri Abedi, Saadani Kandoro. Wanastahili heshima hiyo, na mwenye kuandika makala haya ni mfuasi wao katika utunzi. Lakini yuko mtunzi mwingine ambaye tungo zake ziliingia katika nyumba ambazo hakuna kitabu cha mashairi kilichopata kuingia, naye jina lake likitajwa darasani wanafunzi hutabasamu na mwalimu hubadili mazungumzo. Mtunzi huyo ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Kusudi la makala haya ni kuuliza kama tabasamu hilo ni la haki.

Kwanza tuliweke sawa neno moja. Bendi nyingi za Tanzania zilijiita "jazz": Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, Morogoro Jazz. Mwanafunzi asidhani kwamba bendi hizo zilipiga muziki ule ule uliozaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20. Zilipokea jina, zikapokea magita na saksofoni, zikapokea mwendo wa rumba uliotufikia kwa santuri kutoka Kuba na kwa jirani zetu wa Kongo. Kisha vitu hivyo vyote vikatiwa maneno ya Kiswahili na mambo ya hapa nchini. Kilichozaliwa tunakiita muziki wa dansi, na ndicho tutakachokizungumzia.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944. Alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, katika mji uliokuwa na bendi nyingine mashuhuri, Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Ushindani wa bendi mbili hizo uliufanya mji wa Morogoro kuwa chuo kisicho na ubao wala chaki. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilipelekwa Japani kuiwakilisha Tanzania katika Maonyesho ya Dunia ya Osaka. Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha bendi hiyo, akaunda Super Volcano. Nyimbo zake nyingi za kipindi hicho zilirekodiwa Nairobi. Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Kazi yote tunayoizungumza, basi, ilifanyika katika muda usiozidi miaka 15.

Nani alifundishwa na kazi hiyo? Nitatoa ushahidi wa mkoa wangu. Katika vijiji vya Singida vya utoto wangu Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya ofisi na ya mnada. Nyumbani tulisema Kinyaturu. Wenzetu wa Iramba walisema Kinyiramba, na wa Manyoni Kigogo. Bendi zilikuwa mbali nasi, lakini redio ilikuwapo, moja kwa kaya nyingi, na betri zake zilianikwa juani ili zirudishe nguvu kidogo. Bibi yangu alijua Kiswahili cha kuuzia kuku tu. Hata hivyo alipenda nyimbo za dansi, na kila neno lililompita alituuliza sisi wajukuu. Tusipolijua, tulilibeba hadi shuleni, tukamuuliza mwalimu, tukarudi na jibu. Hivyo bibi na wajukuu walijifunza pamoja, na aliyewapa somo hakuwahi kuwaona. Yanaandikwa mengi kuhusu kuenea kwa Kiswahili kwa njia ya shule, kampeni za kisomo na Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967. Yote hayo ni kweli. Lakini haki itakuwa haijatendeka tukimsahau mwimbaji, aliyewafanya watu waitamani lugha kabla hawajaamriwa kuijifunza.

Hata hivyo, kufundisha maneno hakumtoshi mtu kuitwa mtunzi. Hapa sina budi kueleza jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nilipokuwa sekondari, katika shule moja ya mkoa wetu, tuliagizwa kuleta mfano wa utungo wenye funzo na kuueleza. Wenzangu walileta beti za washairi wakubwa. Mimi niliandika maneno ya "Shida", wimbo wa Mbaraka unaozungumzia dhiki ya binadamu. Nilirudishiwa daftari likiwa na sifuri ya wino mwekundu, na chini yake maelezo kwamba nyimbo za kilabuni si fasihi. Niliona uchungu kwa muda mrefu. Leo, baada ya miaka mingi ya kutunga mashairi na kusikiliza nyimbo, naona kwamba mwalimu yule alikuwa na nusu ya haki, na nusu hiyo inafaa kuchunguzwa.

Alikuwa na haki kwa kile alichokiona. Yaandike maneno ya wimbo wa dansi kwenye karatasi, utayakuta membamba. Mstari mmoja hurudiwa mara tatu au nne. Vina havikamiliki. Mizani inakatika mahali pasipotazamiwa. Kwa kanuni alizozieleza Sheikh Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, utungo wa namna hiyo una guni nyingi, na mshairi wa mapokeo angeurudisha kwa mwenyewe.

Lakini mwalimu wangu alihukumu kile ambacho hakukisikia. Mtunzi wa dansi hatungi kwa kalamu peke yake. Mbaraka alikuwa mwimbaji na mpigaji wa gita la solo kwa wakati mmoja, na jambo hili ndilo ufunguo wa fani yake. Sauti husema jambo, halafu hunyamaza. Gita hulipokea na kulijibu. Mstari ukirudiwa, haurudi ulivyokuwa, kwa kuwa katikati gita limekwisha kutoa maoni yake. Wimbo huanza taratibu, msimulizi akiweka shauri lake mbele ya watu. Kisha huja sehemu ya pili, ile waipendayo wachezaji, ambapo maneno hupungua, magita hupishana, na mawazo yaliyosemwa mwanzoni huachiwa mwili uyatafakari. Kuitikiana huku si kitu cha kigeni. Katika ngoma zetu yuko anayetoa na wako wanaopokea. Mbaraka alilikabidhi gita kazi ya wapokezi.

Ndiyo maana nasema kwamba utungo wa namna hii hauna upungufu wa kina. Kina chake kimewekwa mahali pengine. Na historia inatufundisha jambo la kuchekesha kidogo. Katika miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa *Kichomi* mwaka 1974, washairi na wataalamu wetu waligombana vikali kama shairi lisilo na vina na mizani ni shairi. Wakati magomvi hayo yakiendelea, waimbaji wa dansi walikuwa wanaimba tungo zisizofuata kanuni hizo kila Jumamosi, na taifa zima lilikuwa linazikariri kwa moyo.

Tazama pia majina. Mtindo wa Morogoro Jazz uliitwa sululu. Wa Super Volcano uliitwa masika. Sululu ni chombo cha mchimbaji, na masika ni mvua ya mkulima. Mtu aliyeshika gita la umeme, chombo cha kiwandani kutoka ng'ambo, alikwenda kutafuta jina katika jasho na katika udongo. Vilevile wimbo wake "Jogoo la Shamba" umechukua jina katika methali ambayo kila mtoto wa kijijini ameisikia, tena kwa maumivu, maana inasema kwamba jogoo huyo hawiki mjini. Darasa la Singida haliwezi kukosa la kusema juu ya methali hiyo.

Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake kwa Bunge tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuunda wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba wasomi wetu walijua dansi za Wazungu kuliko ngoma za makabila yao. Wapo waliolichukua onyo hilo kuwa hukumu juu ya muziki wa dansi wote. Mimi nalisoma kwa njia nyingine. Kosa lililolaumiwa ni kuiga bila kutafakari. Anayekopa jembe akalima shamba lake mwenyewe hawezi kuitwa mwigaji, na Kiswahili chenyewe kimekopa maneno mengi bila kupoteza sarufi yake ya Kibantu.

Tukiridhika kusifu tu, hatutakuwa tumefanya uhakiki. Kazi ya Mbaraka ina mahali panapohitaji kuulizwa. Tarehe 25 Desemba 1971, Dakta Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa kwa risasi na mkulima huko Isimani. Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo, na kwa wimbo huo msiba wa ofisi ukawa msiba wa watu. Hiyo ni kazi kubwa ya mtunzi. Lakini ugomvi wa ardhi na wa siasa ya vijiji uliokuwa nyuma ya risasi ile hauwezi kuenea katika maombolezo. Maombolezo humlilia aliyelala, hayasikilizi kesi. Mwanafunzi asipoambiwa hivyo, ataudhania wimbo kuwa historia kamili. Aufundishwe pamoja na historia, ajue kila kimoja kinaweza nini na hakiwezi nini.

Kasoro ya pili si ya Mbaraka peke yake bali ya dansi la enzi ile kwa jumla. Katika nyimbo nyingi za mapenzi anayelalamika ni mwanamume, na anayelalamikiwa ni mwanamke: amedanganya, amependa fedha, ameondoka. Wanawake walioshika kipaza sauti katika bendi hizo walikuwa wachache mno, kwa hiyo jibu la mlalamikiwa halikusikika. Huko Unguja, Siti binti Saad alikuwa amekwisha kuonyesha tangu miaka ya 1920 kwamba mwanamke akiimba, mambo ya mji huonekana kwa jicho jingine. Mwalimu awaulize wasichana wa darasa lake: kama ungepewa gita, ungejibu nini? Majibu yao ndiyo yatakayokuwa uhakiki.

Basi, Mbaraka alikuwa mwalimu? Mnyampala, jirani yetu wa Dodoma na mtumishi wa serikali kama mimi, alitupa ngonjera ili shairi lifundishe waziwazi. Shuleni tulizikariri, tukazighani mbele ya wageni, na zilitufaa. Lakini ngonjera ilipokwisha wageni walipiga makofi wakaondoka. Wimbo wa dansi haukuwa na mgeni rasmi. Uliingia ukamkuta mtu peke yake na dhiki yake, ukamwambia kwamba dhiki hiyo inasemeka, tena kwa lugha safi. Hilo nalo ni somo, na nadhani ni gumu zaidi kulitoa.

Miaka michache iliyopita nilipewa nafasi ya kuzungumza na kidato cha tatu. Niliyaandika ubaoni maneno yale yale yaliyonipa sifuri, nikawaomba wayahakiki. Walisema kama mwalimu wangu: marudio mengi, vina hakuna. Kisha nikawapigia wimbo wenyewe. Gita lilipoanza kujibu, darasa lilinyamaza. Msichana mmoja aliomba ruhusa arudi ubaoni, akapigia mstari mahali ambapo, kwa maneno yake, "hapa aliyesema ni gita."

Kanda nyingi za dansi zilirekodiwa na Redio Tanzania, ambayo hazina yake leo iko chini ya Shirika la Utangazaji. Nyingine zimebaki katika makabati ya watu binafsi, na vumbi la kiangazi halichagui. Vitabu vyetu vya fasihi simulizi vinaeleza sifa za wimbo kwa kurasa nyingi, na mwanafunzi huzikariri hadi mtihani bila kusikia wimbo hata mmoja. Ombi langu kwa walimu ni dogo. Somo la wimbo lifundishwe wimbo ukisikika, na atakayeleta wimbo wa dansi katika daftari lake asomwe na asikilizwe kabla ya kupewa alama.