"Mtu Nyeti" au Mwepesi wa Kuhisi?

Mwaka 1996 Elaine Aron, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa kitabu kuhusu watu ambao kelele, mwanga, harufu na hata uso wa mwenzao ulionuna huwagusa upesi na kwa kina kuliko wengi. Mwaka uliofuata yeye na mumewe, Arthur Aron, walichapisha kipimo cha maswali 27. Alikadiria kuwa watu hao ni asilimia 15 hadi 20, akasisitiza kwamba hali hiyo ni maumbile, si maradhi. Dhana hii sasa yasikika katika Kiswahili, lakini mara nyingine huja na jina tusiloweza kulikubali: "mtu nyeti".

Neno nyeti lina kazi yake. Twasema habari nyeti, yaani zisizofaa kutangazwa ovyo. Twasema sehemu nyeti, na kila mtu ajua ni zipi. Kwa mazoea hayo mwalimu akiambiwa kwamba ana mwanafunzi nyeti, atadhani ni mtoto wa mkubwa fulani.

Wengine husema "mwenye hisia kali". Ukali katika lugha yetu hauko mbali na hasira, na hilo peke yake latosha kutia shaka. Lakini kosa kubwa zaidi ni kusahau kwamba hisia si hisi. Hisi ni za macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Hisia ni mguso wa moyo. Anayeumwa kichwa kwa vipaza sauti vya harusini, au anayekerwa na mshono wa shati kutwa nzima, haelezwi kwa neno hisia. Istilahi iliyochukua moyo ikaiacha ngozi imechukua nusu ya dhana.

Sisi twapendekeza mwepesi wa kuhisi, na hali yenyewe iitwe wepesi wa kuhisi. Kitenzi kuhisi chabeba hisi na hisia pamoja, na muundo wake si mgeni: twasema mwepesi wa kusahau, mwepesi wa kuelewa. Tulifikiria pia msikivu, kwa kuwa Mswahili husikia harufu, husikia baridi, husikia na maumivu. Lakini usikivu umekwisha kupewa utii, wala haufai kunyang'anywa. Udhaifu wa pendekezo letu twaujua: wepesi hauonyeshi kina cha kutafakari ambacho Aron alikiweka mbele. Hicho hakina budi kuelezwa katika fasili.

Jambo hili si la kamusi tu. Mtoto azibaye masikio darasani huitwa mdekaji au mwoga, akaambiwa ajikaze. Hata "mwenye haya" si sahihi, maana kwa makadirio ya Aron yapata asilimia 30 ya watu hawa ni wachangamfu wapendao kuchanganyika na wenzao. Tena ushauri wapewao ni kupata muda wa kupumzika peke yao wanapoelemewa. Mfasiri akiandika "ajitenge", amemtia lawamani, kwani kwetu anayejitenga amewakataa watu. Akiandika "akae katika upweke", amemtia simanzi. Faragha ndilo neno. Nako kuelemewa kupo tangu zamani, hakuhitaji kuundiwa istilahi.

Wasomaji wa Pemba, Lamu na kwingineko wenye neno la wazee kwa mtoto wa namna hii watuandikie, kabla hili letu halijazoeleka.