Ukalimani Nje ya Ukumbi wa Mikutano: Uhakiki wa Mafunzo kwa Vitendo kwa Kurejelea Nakapanya

Tangu SADC ikiidhinishe Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukifanye lugha ya kazi mwaka 2022, mjadala wa ukalimani wa Kiswahili umeelemea kwenye kumbi za mikutano. Makala haya yanadai kwamba mwelekeo huo, ingawa una manufaa, umeisahaulisha taaluma mahali ambapo kosa la mkalimani hugharimu zaidi, yaani chumba cha tabibu.

Chukulia Nakapanya, wilayani Tunduru, mashariki ya Songea. Hili ni eneo la Wayao, lenye pia wasemaji wa Kimakua. Mzee aliyezoea kueleza maumivu yake kwa Kiyao anaweza kukutana na tabibu aliyepangiwa kazi kutoka Kagera au Mara. Hapo Kiswahili si lugha inayotetewa dhidi ya Kiingereza, bali ndiyo lugha yenye mamlaka. Nadharia iliyozoea kukiona Kiswahili kama lugha inayohitaji kuhudumiwa haina budi kujiuliza kinamhudumia nani.

Anayekalimani kwa kawaida ni ndugu aliyemsindikiza mgonjwa. Ndugu huyo anazijua lugha zote mbili, lakini kujua lugha si kujua kukalimani. Katika Kiyao, neno mtela hutaja mti na hutaja dawa pia. Mgonjwa anaposema amekwisha kutumia mtela, tabibu anahitaji kujua kama ni mizizi au vidonge. Mkalimani asiye na mafunzo hujibu tu "dawa" na swali hufungwa. Kiswahili nacho kina mitego yake. Homa yaweza kuwa joto la mwili, malaria, au kujisikia vibaya tu. Degedege kwa tabibu ni dalili inayoweza kuashiria malaria kali, ilhali kwa baadhi ya wazazi ni jambo la mashetani, lisilopelekwa hospitali kwanza. Zaidi ya hayo, heshima huhariri maneno: mtoto wa kiume atayaelezaje maradhi ya uzazi ya mama yake bila kuyafunika?

Kamusi ya Tiba ya TUKI (2003) ni hatua kubwa katika istilahi, lakini njia yake huanzia kwenye neno la mtaalamu. Mgonjwa hutembea kinyume chake: huanza na maumivu yake na jina alilolipa. Kamusi ya namna hiyo bado haijaandikwa, na haiwezi kuandikwa maktabani.

Nchini Marekani, ambako wanafunzi wa Kihispania hupelekwa kujifunza ukalimani katika kliniki, kuna funzo la kuzingatiwa. Flores na wenzake (2003) walichunguza mazungumzo 13 ya kliniki ya watoto, wakakuta makosa 396 ya ukalimani. Asilimia 63 ya makosa hayo yaliweza kuleta madhara ya kitabibu. Kwa wakalimani wa kuokoteza kiwango kilikuwa asilimia 77. Kwa wale wa hospitali, asilimia 53. Takwimu hizi zinakata pande mbili. Zinathibitisha kwamba ndugu hatoshi, lakini pia zinaonya kwamba hata mkalimani wa hospitali hukosea. Kwa hiyo, kumpeleka mwanafunzi zahanati bila msimamizi ni kumfanya mgonjwa kuwa zoezi la darasani.

Inapendekezwa, basi, kwamba vyuo vinavyofundisha tafsiri na ukalimani viwapeleke wanafunzi wanaozimudu lugha za jamii katika vituo vya afya kwa hatua: kwanza kutazama, kisha kuigiza mazungumzo, na mwisho kukalimani mbele ya msimamizi anayezijua lugha zote mbili. Kiapo cha kutunza siri kitangulie yote. Upimaji nao usiishie kwenye ufasaha. Mgonjwa aombwe aeleze kwa lugha yake namna atakavyomeza dawa, na jibu lake ndilo liwe kipimo. Kila mwanafunzi arudi na orodha ya maneno ya wagonjwa, bila majina yao, ili kamusi inayokosekana ianze kukusanywa.

Pingamizi litakuwa kwamba lugha za jamii zitadhoofisha Kiswahili. Kinyume chake, lugha ya taifa hudhoofika pale raia anapotoka kwa tabibu akiwa ameitikia "ndiyo" kwa asichokielewa.