Kilima cha Waddington: Picha Mbili, si Moja

Mwaka 1957 Conrad Waddington, mwalimu wa biolojia huko Edinburgh, alitoa kitabu chake *The Strategy of the Genes*. Ndani yake mna picha ambayo hata leo walimu wengi wanaichora ubaoni, wakifundisha ginsi mwili unavyofanyika tumboni mwa mama: kilima chenye mabonde mengi, na mpira mdogo juu yake. Mpira ndio selule, yaani chembe ya uhai. Ukishuka, unaingia bonde hili au lile. Mwisho wa bonde moja ni selule ya damu, mwisho wa lingine selule ya ngozi au ya moyo.

Picha hiyo twaisifu. Yaonyesha upesi jambo gumu: kwa kawaida selule kadiri inavyoendelea, njia zake zinapungua. Lakini yatufundisha pia kwamba hakuna kurudi, maana mpira haupandi kilima peke yake. Basi mwaka 1962 John Gurdon, huko Oxford, alieleza ginsi alivyotwaa kiini cha selule ya utumbo wa kiluwiluwi, akakitia katika yai la chura ambalo kiini chake kilikuwa kimeharibiwa. Mayai machache yalikua, yakawa viluwiluwi vizima. Mwaka 2006, huko Kyoto, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi walitia jeni nne katika selule za ngozi ya panya, nazo zikarudia uwezo wa kuwa selule za kila namna ya mwili. Mwaka 2007 ikawa vivyo hivyo kwa selule za mtu.

Je, Waddington alikosa? Kosa tunaliona zaidi kwao walionakili picha ya kwanza wakaacha ya pili. Kurasa chache mbele alichora kilima kwa chini: ardhi yashikwa na kamba nyingi zilizofungwa kwenye vigingi, na vigingi ndivyo jeni. Kamba zikivutwa namna nyingine, mabonde yenyewe yanageuka. Mafundi wa Kyoto walivuta kamba nne.

Jambo hili lagusa kazi yetu. Mwaka 1998 James Thomson, huko Wisconsin, alipata selule za mtu zenye uwezo huo, lakini alizitoa katika mimba za siku chache, nazo zikaharibika. Tena wako wanaosema: kama selule ya ngozi yaweza kurudi juu ya kilima, basi mimba changa haipiti ngozi kwa thamani. Hoja hiyo yasimama juu ya mpira mmoja tu. Mimba ni selule nyingi zinazojipanga pamoja, kila moja ikipokea ishara kwa jirani zake, mpaka uwe mwili mmoja. Selule ya Kyoto ikiachwa peke yake katika chombo yazaa selule, haijengi mtu. Hati *Dignitas Personae* ya mwaka 2008 nayo yatenga njia hizi: yakataza kuua mimba ili kupata selule, yakubali zile za mtu mzima na za damu ya kitovu.

Kwa hiyo mwalimu wa seminari achore picha zote mbili. Na katekista akiulizwa juu ya dawa hizi mpya, asihukumu yote wala asikubali yote. Aulize kwanza: selule hizi zimetoka wapi?