Hekalu Lililoanzia Paani

Fundi wa Kailasa hakuweka jiwe juu ya jiwe. Alisimama mgongoni mwa mlima huko Ellora, katika jimbo la Maharashtra, magharibi ya India, akakata mahandaki matatu marefu kwenda chini, na katikati yake akaacha donge la jabali kubwa kama kilima. Donge hilo ndilo hekalu la Kailasa. Ngazi, nguzo, tembo, hata daraja linalounganisha banda la fahali Nandi na ukumbi mkuu, vyote ni jiwe lile lile moja, ambalo halijahama kutoka pale volkano ilipolimwaga.

Ellora ina mapango 34 ya Wabudha, Wahindu na Wajaini, yote kwenye ubavu wa mlima mmoja. Kailasa ni la 16, na kuliita pango ni kulionea, maana juu yake kuna anga tupu. Lilichongwa karne ya 8, zama za wafalme wa Rashtrakuta. Sifa kwa kawaida humwendea Krishna I, ingawa kazi ya namna hii ni vigumu kuamini kwamba iliisha katika enzi ya mfalme mmoja. Wafalme walikuwa na waandishi wao wa kuwasifu. Mimi nina haja na walioshika tindo.

Mwashi wa kawaida huchimba msingi, hupandisha ukuta, kisha huezeka. Hapa paa lilitangulia. Kilele kilinakshiwa wakati mafundi wangali wamekanyaga jiwe gumu ambalo baadaye lingekuwa ukuta. Walipokimaliza wakashuka, wakachonga ukuta. Wakashuka tena, hadi kwa tembo na simba wanaoonekana kulibeba jengo zima migongoni mwao, mita 30 hivi chini ya pale walipoanzia. Kiunzi cha nini? Jabali lenyewe lilikuwa jukwaa lao, likipungua kadiri kazi ilivyosonga.

Maharashtra kuna simulizi kuhusu jambo hili. Malkia aliweka nadhiri kwamba mumewe akipona maradhi, mungu Shiva atajengewa hekalu, naye hatatia chakula kinywani mpaka akione kilele chake. Mafundi wakaguna, kwani kabla ya kufika kileleni malkia angekuwa amekwisha kufa njaa. Kokasa wa mji wa Paithan peke yake ndiye aliyeahidi kilele katika muda wa wiki moja, akaanzia juu. Hadithi ni hadithi, lakini aliyeitunga alikuwa ameielewa kazi kuliko wageni wengi wanaopita pale wakipiga picha.

Mchonga mtumbwi anaijua hofu iliyokuwa mikononi mwa watu hawa: tezo likila kupita kiasi, mti haurudi. Tofauti ni kwamba gogo la mtumbwi unaweza kulizunguka na kulitazama pande zote. Huyu wa Ellora alilazimika kujua, akiwa bado juu kwenye majani ya mlima, ni wapi ndani ya giza la jiwe pangekuwa na mkonga wa tembo, wapi pangepita daraja, na ni unene gani aachie nguzo ambayo wenzake wangeifikia baada ya miaka. Makadirio ya jiwe lililotolewa hufikia tani 200,000. Hesabu hiyo hupenda kutajwa, nami sioni kuwa ndiyo ajabu yenyewe. Kutoa jiwe jingi ni nguvu za watu wengi. Ajabu ni lile walilojizuia kulikata.

Nenda upande wa kusini wa jengo, uiname kidogo. Ravana, mfalme wa Lanka mwenye vichwa kumi, amejibana chini ya mlima wa Shiva akitaka kuung'oa. Mikono yake mingi imetandazwa, na mwili umechongwa kwa kina hata unakaribia kujitenga na ukuta. Juu yake Parvati, mke wa Shiva, ameshtuka, amemshika mumewe mkono; mtumishi anakimbia. Shiva ametulia, anaukandamiza mlima kwa kidole cha mguu. Mafundi walimwacha Ravana kwenye kivuli na kuwaweka miungu penye mwanga. Tena mlima anaoutikisa ni Kailasa, na hekalu lenyewe ni Kailasa. Maana yake Ravana analitikisa jengo alimochongwa. Utani huo wa mawe unanifurahisha kuliko nakshi zote za kileleni.

Lipo linalonitatiza. Mafundi walioweza kufanya chochote na jabali walichagua kuiga jengo la kujengwa. Umbo limefuata hekalu la Virupaksha la Pattadakal, na ndani utaona mihimili isiyobeba kitu, kwani dari ilikuwepo kabla ya nguzo. Lalibela, Ethiopia, ambako karne nne hivi baadaye makanisa nayo yalichongwa kutoka juu kwenda chini, kanisa la Mtakatifu Giorgis liliachwa na sura nyepesi zaidi, ya msalaba tu. Kwa macho yangu Lalibela imeshinda kwa umbo, Ellora kwa uhai.

Bamba la shaba la mwaka 812, lililopatikana Baroda, linadai kwamba miungu waliopita angani walilistaajabia hekalu hili, na kwamba fundi mwenyewe alijiuliza aliwezaje. Jina lake halikuandikwa.

Ukijaliwa kufika, usianze langoni kama watu wote. Panda kwanza njia ya mlimani mpaka ukingo wa handaki, ulitazame hekalu kutoka juu kama walivyoliona waliolianza, ndipo ushuke uingie. Mji wa karibu ni Aurangabad, siku hizi Chhatrapati Sambhajinagar, kilomita 30 hivi. Jumanne mapango hufungwa.